Shauri na Njama: Baraza la Vita la Van de Velde Likitazamwa kutoka Korogwe

Katika semina zetu za fasihi kuna hoja inayorudi karibu kila mwaka, tena hutolewa kwa sauti ya kujuta: kwamba wenzetu wa Ulaya wana picha za kihistoria, picha kubwa za wafalme, majemadari na vita, ilhali sisi tuna masimulizi na tenzi tu. Historia yao inaonekana, yetu inasimuliwa. Na kinachosimuliwa, eti, ni kivuli cha kinachoonekana. Makala haya yanaipinga hoja hiyo. Lakini kuipinga kwa kupiga makofi na kuusifu utamaduni wetu mtukufu hakusaidii. Hilo limeshafanywa sana na halijamshawishi mtu. Hebu tuchukue picha moja inayosifiwa, tuiweke kando ya kitabu kimoja cha Kiswahili kilichoandikwa huku kwetu upande wa Tanga, kisha tuulize: wakubwa wanapokaa kupanga vita, ni kazi ipi ya sanaa inayotuwezesha kuwahukumu?

Picha yenyewe ni ya Mholanzi Willem van de Velde, yule baba (1611–1693), maana mwanawe naye aliitwa Willem na naye alikuwa mchoraji wa bahari. Imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam. Inaonyesha baraza la vita lililokutana tarehe 10 Juni 1666 katika De Zeven Provinciën, yaani Majimbo Saba, manowari ya amiri Michiel de Ruyter. Kesho yake vilianza Vita vya Siku Nne baina ya Waholanzi na Waingereza, vikaisha tarehe 14. Waingereza walikuwa wamekigawa kikosi chao cha manowari sehemu mbili kabla ya mapambano, kosa kubwa, na Waholanzi wakashinda.

Sasa, mtu akiambiwa kwamba hii ni picha ya baraza la vita, jicho lake linakwenda kutafuta meza. Anatafuta ramani, kidole kinachoonyesha mahali, mzee mwenye ndevu anayekunja uso. Hakuna. Kuna merikebu zimetulia baharini, na kuna mashua ndogo ndogo zinazowapeleka manahodha kwenye merikebu ya amiri. Shauri lenyewe liko ndani, nyuma ya mbao za tezi. Sisi tuko nje.

Kwa upande wa fani, kazi hii ni ya ajabu na ni lazima tuseme hivyo bila kinyongo. Haikupakwa rangi za mafuta kama tulivyozoea kudhani juu ya picha za Ulaya. Imechorwa kwa kalamu na wino juu ya uso uliotandazwa weupe, mstari baada ya mstari, kama vile mtu anaandika barua ndefu. Kila kamba ina mahali pake. Nakshi za tezi unaweza kuzihesabu. Na fundi huyu hakuwa mtu wa kukaa nyumbani akabuni. Alisafiri na kikosi katika chombo kidogo, akachora papo hapo, hata mapigano ya Siku Nne aliyashuhudia kwa macho. Katika baadhi ya picha zake amejichora mwenyewe humo chomboni, karatasi mkononi. Ni kama msanii anatuambia: nilikuwepo.

Alikuwepo, sawa. Lakini alikuwepo wapi? Hapo ndipo penye mgogoro wangu naye.

Kiswahili kina maneno mawili kwa jambo hili. Kuna shauri, na kuna njama. Siku hizi njama limekuwa neno la polisi na magazeti: njama za kuiba, njama za kupindua. Zamani watu wakiwa barazani waliweza kuinuka wakaenda njama, yaani wakajitenga kando wakateta, kisha wakarudi kusema walilokubaliana. Njama ni faragha, shauri ni mbele ya watu. Ukiipima picha ya Van de Velde kwa maneno hayo mawili, unaona kwamba kinachoitwa shauri ni njama iliyovishwa joho. Tunaonyeshwa ukubwa wa mahali linapofanyika, idadi ya wanaokwenda, na utulivu wa bahari. Maneno hatupewi. Je, kulikuwa na nahodha aliyepinga? Kuna aliyesema tungoje? Na wale mabaharia walioshika makasia kuwapeleka wakubwa, ambao ndio watakaokatwa miguu na mizinga kesho yake, wao walisikia nini walipokuwa wakingoja ubavuni mwa merikebu? Picha haina nafasi ya maswali haya. Inatutaka tuamini kwamba ndani mle mna hekima, kwa sababu nje kila kitu kimepangika.

Mtu atasema, jamani, unaidai picha kitu isichoweza kukitoa, picha haisemi. Kweli haisemi, lakini msanii huchagua. Angeweza kuingia ndani akachora nyuso. Nyuso zina mengi: kuna anayeangalia pembeni, kuna aliyeuma midomo. Van de Velde alichagua nje, na nje ndiko kuliko na fahari. Mtazamo wa kazi hii ni wa mtu anayelipwa kuitukuza merikebu.

Na neno kulipwa silisemi ovyo. Baada ya mwaka 1672 baba na mwana walihama Uholanzi wakaenda Uingereza, kwa adui yule yule waliyemchora akipigwa. Mwaka 1674 mfalme Charles wa Pili aliwaandikia mshahara wa paundi 100 kwa mwaka kila mmoja: baba achore michoro ya vita vya baharini, mwana aitie rangi. Sitaki kumhukumu mtu kwa kutafuta riziki. Nchi yao ilikuwa imevamiwa na kazi ilikuwa imekauka. Nataka tuone jinsi ilivyokuwa rahisi. Mchoraji hakulazimika kubadilisha chochote katika sanaa yake. Kalamu ile ile, kamba zile zile, tezi zile zile zenye nakshi, bendera tu ndiyo nyingine. Kama picha zake zingekuwa na maneno ya mabaraza ndani yake, nani alimshauri nani, nani alikosea, je, mfalme yule angemwajiri? Sidhani. Sanaa isiyosikia ndiyo inayohamika kwa urahisi kutoka meza moja kwenda nyingine.

Sasa turudi nyumbani. Kitabu ninachokiweka kando ya picha hii ni Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy. Wengi wetu tunakifahamu kwa jina. Kilichapwa kwa sehemu sehemu Magila, katika misheni ya UMCA, kuanzia mwisho wa karne ya 19, kikatolewa upya mwaka 1962 na East African Literature Bureau kikiwa kimehaririwa na J.W.T. Allen. Wanahistoria wanakitumia, sisi wa fasihi tunakipita tukikimbilia riwaya, kana kwamba nathari yetu ilianza na Shaaban Robert.

Mandhari yake ni haya haya tunayopita kwa basi. Mbega, mwindaji, anatoka Nguu, milima iliyokuwa ndani ya Handeni hadi wilaya ya Kilindi ilipokatwa mwaka 2002. Anatoka kwa sababu ndugu zake wanamkataa: ni kigego, ameota meno ya juu kwanza, na wanamtupia lawama za vifo vya ukoo. Anahamia Kilindi, anapata matatizo mengine huko, anavuka na mbwa wake kwenda milima ya Usambara, anaua nguruwe wanaoharibu mashamba, anagawa nyama, anaamua kesi, na mwisho watu wanamtaka awe mtawala. Kizazi chake kinakaa Vugha. Kimweri ya Nyumbai anautandaza utawala huo hadi pwani, na akifa, kama mwaka 1862, nyumba inapasuka. Mwanawe Semboja amejenga Mazinde, chini tambarare, katika Korogwe ya leo, kwenye njia ya misafara na bunduki. Mjukuu, Shekulwavu, amerithi Vugha juu mlimani. Vita vinakuja.

Na hapa tazama mwandishi anavyofanya. Vita vyenyewe mara nyingi huvipitisha haraka: wakapigana, wakashindwa, wakakimbia. Anapokaa, anapopanua hadithi, ni kwenye shauri. Mmoja anasema, mwingine anamjibu, wa tatu anatumwa na ujumbe, ujumbe unarudi umegeuka. Kiungo cha sentensi zake ni ile -ka- tunayoidharau kwa kusema ni ya kitoto: akasema, wakamjibu, akanyamaza, akawaambia. Mimi naona -ka- hiyo ndiyo silaha yake. Inaliweka neno kabla ya tendo, halafu inalifunga tendo kwenye neno lile, kiasi kwamba kijiji kikichomwa ukurasa wa mbele unaweza kurudi nyuma ukamwona aliyesema kichomwe. Huwezi kurudi nyuma hivyo katika picha ya De Ruyter. Kule vita vinakuja kama hali ya hewa.

Kwa maneno mengine, anachokifanya Abdallah bin Hemedi ni kuigeuza njama iwe shauri. Anayachukua yaliyosemwa faraghani anayaweka barazani, mbele ya msomaji, na msomaji anakuwa mzee mmoja zaidi kwenye kikao. Semboja si pepo wala shujaa. Ni mtu aliyesema maneno fulani siku fulani, na tunaweza kukubali au kukataa hoja zake.

Isidhaniwe kwamba nampa mwandishi cheti cha usafi. Maneno ya Mbega hakuyasikia. Baina yao kuna zaidi ya miaka mia. Ameyatunga kama wanavyotunga wasimulizi wote, akiongozwa na mapokeo na na ufundi wake wa lugha. Pili, kitabu ni cha Wakilindi kama jina lake linavyosema. Wazigua, watu wa Handeni na wa kando ya Ruvu pale Korogwe, wamo zaidi kama washirika wa kuitwa au maadui wa kuogopwa. Na hao ndio waliotangulia kupata bunduki kutoka pwani na kuutikisa utawala wa Kimweri. Mashauri ya kwao yalikuwaje? Ukitoka katika picha ya Mholanzi ukaingia katika kitabu hiki umepata masikio, lakini bado ni masikio ya nyumba moja. Tofauti ni kwamba upungufu huu unajitangaza. Msomaji anayesikia kauli ya Semboja anaanza kuidai ya mwingine. Mtazamaji wa merikebu hadai kitu, ameridhika.

Sasa kwa nini nimesema tuitazame picha kutoka Korogwe na si kutoka Dar es Salaam? Kwa sababu upande huu wa nchi umewahi kuwa mwisho wa meza ya wanamaji, na matokeo yake tunayajua.

Mwanzoni mwa Novemba 1914 Waingereza walileta Tanga kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi, chini ya Jenerali Arthur Aitken. Mpango ulikuwa wa kuteremka, kuuchukua mji, basi. Tarehe 2 manowari Fox, chini ya kapteni Caulfeild, iliingia bandarini kwanza kuwaarifu Wajerumani kwamba makubaliano ya kutopigana yamekwisha. Yaani adui alibishiwa hodi. Wakati wakubwa wa melini wakiendelea na taratibu zao, zikiwemo hofu za mabomu ya majini, Lettow-Vorbeck alikuwa akiwapakia askari wake kwenye treni huko Moshi. Treni hizo ziliteremka kwa reli iliyokuwa imefika Korogwe mwaka 1902 na Mombo 1905. Zilipita hapa hapa. Askari wa KAR wa Afrika Mashariki, wanaoijua nchi, hawakuwemo katika jeshi lililoteremka. Tarehe 4 watu 8,000 walizuiwa na watu kama 1,000, na nyuki nao, ambao hawakualikwa kwenye baraza lolote, wakaingia vitani. Tarehe 5 Waingereza walirudi melini wakiacha bunduki za rashasha 16 na mamia ya bunduki za kawaida ufukoni.

Mweke Van de Velde katika mashua yake mbele ya Ras Kasone usiku wa tarehe 2. Angetupa kazi nzuri kupindukia: meli 14 za kuchukulia askari, moshi, Fox na mizinga yake, mashua zikiwapeleka makanali kwa jenerali. Tungeitazama tukasema, hawa hawashindwi. Na kitu kilichoamua vita, treni iliyokuwa ikishuka gizani kupitia Mombo na Korogwe, kisingekuwemo, kwa sababu mchoraji ameipa nchi kavu mgongo. Siilaumu picha isiyochorwa. Naonyesha kwamba mtazamo wa namna ile, uso kwa merikebu, ni mtazamo ule ule wa waliokuwa mezani. Walikosea kwa sababu waliona kama mchoraji anavyoona. Mwandishi wa mkono wa Abdallah bin Hemedi angeanza kwingine: jenerali akasema hivi, kapteni akamjibu hivi, na yupo aliyeonya au hayupo?

Handeni hali yake ni ngumu zaidi, maana hata treni haikuwa nayo. Katika vita hiyo hiyo Wajerumani walitandika reli ndogo ya vitoroli kutoka Mombo hadi Handeni, vitoroli vya kusukumwa na watu, ili kupitisha mizigo kuelekea kusini. Juni 1916 majeshi ya Smuts yalichukua Korogwe, na siku chache baadaye Handeni. Katika vitabu vya vita hii inachukua mistari miwili. Nani alisukuma vile vitoroli? Walijuaje kwamba mwenye reli amebadilika? Kwenye meza za pande zote mbili Handeni ilikuwa kituo cha mizigo, nukta tu.

Hapa nimjibu mwenzangu atakayesema kwamba naichukia picha kama aina ya sanaa. Hapana. Yupo mchoraji aliyevunja ukuta huu ninaoulalamikia, na alikuwa Mswahili wa lugha kama sisi: Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi. Mwaka 1973 na 1974 alichora mfululizo wa picha kama mia moja za historia ya Zaire, zikiwemo za mabaharia wa Kireno walipofika kwa mfalme wa Kongo, na akazieleza moja moja kwa Kiswahili cha Shaba kwa mtafiti Johannes Fabian, aliyezitolea kitabu mwaka 1996. Tshibumba anaandika maneno ndani ya picha. Anajiita mwanahistoria. Wakubwa wake, weusi kwa weupe, wana vinywa, na yeye ana la kusema juu yao. Ufundi wa kalamu hamfikii Van de Velde hata kidogo; mikono ya watu wake wakati mwingine imekaa kama mbao. Lakini katika kazi yake unajua nani anahukumiwa. Kwa hiyo suala si picha dhidi ya masimulizi, kama semina zetu zinavyopenda kulipanga. Suala ni kama msanii anatuachia mlango wa chumba cha shauri wazi au anatufungia.

Na sisi wenyewe tuna kazi moja ambayo haijasomwa kwa jicho hili: Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy, uliochapwa mwaka 1955. Mada yake ni vita vya 1888 na 1889, manowari za Kijerumani zilipokuwa mbele ya Tanga na Pangani, vita ambavyo Abushiri alivimalizia bara, akakamatwa katika nchi ya Uzigua Desemba 1889 na kunyongwa Pangani tarehe 15. Wengi tunaousoma tunatafuta mizani, vina na dhamira ya uzalendo, tunamaliza. Anayehangaika na mada ya tasnifu mwaka huu angeuchukua utenzi huo na kuusoma akihesabu kauli: ni beti ngapi zimepewa watu wa mjini wakishauriana, ngapi zimepewa Wadachi, ngapi zimepewa Seyyid wa Unguja, na ngapi zimebaki kwa mshairi peke yake. Aangalie pia mshairi amesimama wapi beti zinapoziona manowari: ufukoni, msikitini, au ndani ya chombo? Na watu wa bara, wa Handeni na wa kando ya Ruvu, wanapoingia katika hadithi, wanaingia wakisema au wakisemwa?